Kuanzisha na kuendesha klabu ya picha mtaani kwako: mwongozo kamili

Klabu nyingi za picha huzaliwa kwenye WhatsApp na kufia humo humo. Wiki ya kwanza picha zinamiminika na kila mtu anamsifu mwenzake. Mwezi wa pili zimebaki salamu za asubuhi na matangazo ya kamera zinazouzwa. Hakuna aliyegombana na mtu. Ni kwamba picha inayopita kwenye kioo cha simu kwa sekunde mbili haimfundishi aliyeipiga wala anayeitazama, na watu hawarudi mahali wasipopata kitu.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: klabu ya picha ni kikao cha kutazama picha. Watu wameketi kuizunguka meza, picha zimechapwa kwenye karatasi, na kila moja inazungumzwa kwa utulivu. Matembezi, mafunzo, maonyesho, katiba na mfuko wa fedha vinakuja baadaye, na vyote kazi yake ni kukitumikia kikao hicho. Mifano mingi nimeitoa Tanga. Aliye Mtwara, Malindi au Bujumbura abadilishe majina ya mitaa. Yaliyobaki yatamfaa karibu yote.

Hatua ya 1: Anza na watu watano

Usitangaze kwanza. Tafuta watu watano ambao ukiwaambia "Jumamosi saa kumi" watafika. Wapo: kijana wa studio ya picha za pasipoti, mpiga picha wa harusi, mwalimu wa sekondari anayependa historia ya mji, mwanafunzi mwenye simu nzuri na jicho zuri zaidi, dada anayepiga picha za bidhaa za duka lake. Mchanganyiko huo ndio utajiri. Wapiga picha wa harusi watupu watazungumza bei. Wanafunzi watupu watazungumza kamera wasizonazo.

Kumiliki kamera kusiwe sharti la kujiunga. Simu inatosha kwa karibu kila zoezi lililomo humu, na ukiweka sharti la kamera umewafungia mlango vijana na wanawake wengi wa mtaani.

Mpiga picha wa harusi atakuwa na wasiwasi ambao huenda asiuseme: je, nikiwaonyesha wenzangu ninavyofanya kazi, hawatanichukulia wateja? Lizungumzeni siku ya kwanza. Kubalianeni kwamba mteja wa mwanachama haguswi, na kwamba mwenye kazi kubwa akihitaji msaidizi ataanza kumtafuta ndani ya klabu. Makubaliano hayo mawili yanazuia chuki nyingi.

Hakikisha pia wanawake wapo tangu mwanzo, na si mmoja. Dada akijikuta peke yake kati ya wanaume saba, kikao cha pili hatakuja, na hatakueleza sababu.

Hatua ya 2: Siku, saa na mahali visibadilike

Mara mbili kwa mwezi inatosha: Jumamosi moja ya kikao, nyingine ya matembezi. Jumamosi haigongani na Ijumaa ya msikitini wala Jumapili ya kanisani, na mkianza saa kumi alasiri mnamaliza kabla giza halijaingia, jambo ambalo wazazi wa mabinti wataliangalia kabla ya kukubali. Wenye maduka wanaofunga jioni hawatafurahi, lakini hakuna saa inayowafaa wote. Chagueni moja muishikilie, kwa sababu klabu inayopiga kura ya saa kila mwezi inapoteza watu kila mwezi. Ramadhani ndiyo inayostahili ratiba yake: hamishieni kikao asubuhi, wakati watu bado wana nguvu.

Mahali panataka mambo mawili tu, meza kubwa na mwanga wa dirisha. Darasa la shule linafaa sana. Mwandikieni mkuu wa shule barua yenye majina, siku na saa, na mpelekeeni na zawadi ndani yake: klabu itapiga picha za mahafali bila malipo. Maktaba, ukumbi wa ofisi ya kata, hata baraza pana ya nyumba ya mtu, vyote vinafaa. Mgahawa usiwe chaguo la kwanza, kwa sababu asiye na pesa ya soda atatafuta udhuru wa kutokuja.

Hatua ya 3: Kiendeshe kikao kwa utaratibu

Hapa ndipo klabu inapopata uhai au kuukosa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila mwanachama anakuja na picha tatu zilizochapwa, zisizidi. Kuchagua tatu kati ya mia mbili ni somo lenyewe, pengine kubwa kuliko yote. Anayeleta ishirini hajachagua; anawaomba wenzake wamfanyie kazi yake.

Picha zinapangwa mezani bila majina. Dakika tano za mwanzo hakuna anayesema. Watu wanazunguka na kutazama. Kisha mwongozaji wa siku, ambaye hubadilika kila kikao, anainua picha moja. Mwenye picha ananyamaza hadi wengine wamalize. Kanuni hii ni ngumu kwa wengi, na ndiyo inayofanya kazi. Mtu akianza kwa kueleza "hapa mvua ilikuwa inakuja, nikakimbia...", wenzake wataiona hadithi yake na si picha yake. Picha ikitoka hapo itakwenda peke yake duniani, bila yeye kuisindikiza.

Mwongozaji anauliza maswali yale yale kila mara. Jicho lako limekwenda wapi kwanza? Kuna nini kwenye fremu ambacho kikiondolewa picha itapata nguvu? Mpiga picha alisimama wapi, na angesimama wapi?

Chukua picha moja ya kawaida: mzee amepanda baiskeli Ngamiani, Tanga, amefunga matenga mawili ya mkaa nyuma, jua la asubuhi linampiga ubavuni. Ukiuliza jicho limekwenda wapi, watu wanne kati ya sita wanaweza kukujibu kwamba limekwenda kwenye nguzo ya umeme inayoonekana kama imeota kichwani mwake. Aliyeipiga hakuiona, kwa sababu alikuwa anamwangalia mzee. Hapo mazungumzo yanaanza. Angesogea hatua mbili kushoto, nguzo ingejificha nyuma ya jengo. Angesubiri kidogo, baiskeli ingeipita nguzo yenyewe. Njia mbili, na hakuna hata moja inayohitaji kamera mpya. Mwanachama anaondoka na kitu cha kujaribu kesho asubuhi akielekea kazini.

"Nzuri" na "mbaya" peke yake hayakubaliki kama maoni. Anayesema nzuri aonyeshe kwa kidole kinachoifanya iwe nzuri. Dhihaka isimamishwe papo hapo, hata kama anayedhihaki ni mkubwa kuliko wote mezani. Mwongozaji kijana anaweza kusema "mzee wangu, tuizungumze picha," na ikatosha.

Saa moja na nusu, halafu chai. Mengi yanayowaunganisha watu yatasemwa kwenye chai hiyo, kwa hiyo msiifute kwa kubana matumizi.

Hatua ya 4: Chapeni, na mchape vizuri

Saizi ya 4×6, yaani sentimita 10 kwa 15, inatosha kwa mezani. Nendeni studio moja mjini mkiwa kundi na mwombe bei ya jumla: watu 12 wenye picha tatu kila mmoja ni picha 36 kila kikao, mteja wa kudumu ambaye mwenye studio hatapenda kumkosa.

Kwa uchapaji safi hesabu ni pikseli 300 kwa kila inchi. Picha ya 4×6 inataka pikseli 1,200 kwa 1,800. Ya A4 inataka karibu 2,480 kwa 3,508. Simu nyingi za sasa zinazifikia hizo bila shida. Tatizo liko njiani: ukiituma picha studio kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama dokyumenti, au peleka memori kadi mwenyewe. Mwambieni fundi pia asiongeze rangi wala kung'arisha nyuso. Studio nyingi hufanya hivyo kwa nia njema, na mtu mweusi anarudi amekuwa wa kijivu.

Hatua ya 5: Matembezi yenye kazi moja

Matembezi bila zoezi yanageuka kupiga picha za kila mmoja wetu. Wape watu kazi moja kwa siku: mikono tu, vivuli tu, mlango mmoja kwa saa nzima na wote wanaoupita. Ukomo ndio unaofungua macho.

Jua la kwetu halina huruma. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri liko juu, na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au saa kumi na moja jioni. Mchana mkilazimika, ingieni kwenye vibaraza na chini ya mapaa ya soko.

Kuna zoezi ambalo kila klabu ya Pwani ilifanye mapema: mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe. Kamera hupima mwanga kwa kutafuta wastani. Kanzu ikijaza fremu, kamera inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na uso unazama. Mtu akisimama kwenye anga jeupe, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Mwondoeni juani, mkaribisheni mlangoni au barazani, uso wake ukielekea nje kwenye mwanga uliotulia. Kwenye simu, gusa uso wake kwenye kioo, kisha telezesha alama ya jua juu au chini taratibu hadi ngozi ionekane ilivyo, huku mikunjo ya kanzu ikiwa bado haijapotea. Kwenye kamera, tumia kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, piga tatu zenye tofauti ndogo, linganisheni kivulini. Kisha rudieni na mama aliyevaa buibui jeusi; hapo kamera inakosea kwa upande wa pili, inaongeza mwanga kupita kiasi. Mwanachama akiyaelewa mazoezi haya mawili ameelewa kipimo cha mwanga kuliko kwa mihadhara mingi.

Pa kwenda hapakosekani. Tanga kuna soko la samaki la Deep Sea ngalawa zinaporudi, majengo ya enzi ya Wajerumani, magofu ya Tongoni, mapango ya Amboni kwa kujifunza giza, na mashamba ya mkonge ambako nyuzi huanikwa kwenye kamba safu kwa safu. Mashambani na viwandani mwombeni meneja kwa barua kabla, si mlangoni siku hiyo hiyo. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, pangeni kazi za ndani.

Ruhusa ni adabu kabla haijawa sheria. Msalimie mtu kwanza, mweleze wewe nani, ndipo uinue kamera. Akikataa, mshukuru na uondoke, usimpige kwa kuibia kutoka ng'ambo ya barabara. Mtoto anaombewa ruhusa kwa mzazi au mlezi. Na ukimwahidi mtu picha, mpelekee. Mvuvi aliyepelekewa picha yake iliyochapwa atawafungulia klabu nzima mlango wa ufukwe ule kwa miaka. Tanzania kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha inayomtambulisha mtu si ya kutupwa kwenye tangazo la biashara bila ridhaa yake.

Kambi za jeshi na vituo vya polisi msivielekezee kamera kabisa. Bandari, viwanja vya ndege na stesheni za reli, ombeni kibali au muache. Bandari ya Tanga iko mjini kabisa, na mgeni anaweza kuielekezea lenzi bila kufikiri, kwa hiyo kiongozi awakumbushe watu kabla ya kuondoka. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, yenye muhuri, iwe mfukoni mwa kiongozi kila safari. Droni hairushwi bila kibali. Tanzania mnaanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Hatua ya 6: Fedha, uongozi na usajili

Miezi mitatu ya kwanza msichague mwenyekiti. Mtu mmoja aandike mahudhurio, mwingine ashike pesa ya picha na chai, basi. Mkichagua viongozi mapema mtamchagua mwenye kamera kubwa au mwenye sauti kubwa. Baada ya miezi hiyo mtamjua anayefika kwa wakati.

Kisha wawekeni watatu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Mwaka mmoja mmoja, na asizidi miaka miwili mfululizo. Katiba iwe kurasa mbili: jina, lengo, nani anajiunga na vipi, ada, vikao, namna ya kumwondoa kiongozi, na mali zitakwenda wapi klabu ikivunjika. Hicho kifungu cha mwisho watu hukiruka, na ndicho kinachohitajika siku mbaya.

Tuseme watu 12 wanatoa shilingi 5,000 kila mwezi. Ni 60,000. Tengeni kwanza ya uchapaji, kisha chai, kisha nauli ya asiyejiweza siku ya matembezi, na kinachobaki kiwe akiba ya maonyesho. Mweka hazina asome hesabu kila kikao kwa sauti, hata kama ni dakika moja. Pesa isikae kwenye simu ya mtu binafsi; tumieni akaunti ya kikundi ya benki au huduma ya vikundi ya mitandao ya simu, ambako kutoa fedha kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Mwanafunzi alipe nusu, au alipe kwa kazi, kama kutunza daftari la vifaa.

Kuhusu usajili, hakuna haraka hadi mtakapotaka akaunti ya benki, ufadhili au ukumbi wa serikali. Tanzania kikundi kidogo kinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Jumuiya kamili inasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kenya, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Mtu atapendekeza muombe ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ushauri wangu ni kwamba wanaotaka biashara ya studio waunde kikundi chao pembeni. Deni likiingia ndani ya klabu, kikao cha picha kinageuka kikao cha marejesho.

Hatua ya 7: Vifaa vya pamoja

Msinunue kamera ya klabu mwaka wa kwanza. Nunueni stendi moja imara, kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga (kadibodi iliyobandikwa karatasi nyeupe inafanya kazi ile ile) na diski moja ya nje (hard disk) ya kuhifadhia picha. Mkishapata lenzi au kamera za pamoja, jueni adui yenu Pwani ni unyevu. Kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, na wakati mwingine huharibu kioo moja kwa moja. Hifadhini kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na mvibadilishe mara kwa mara. Mchele msiutumie, una vumbi. Mkitoka ufukweni futeni chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Kila anayeazima asaini daftari siku ya kuchukua na siku ya kurudisha.

Hatua ya 8: Kumbukumbu ya mji

Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na picha zilizohifadhiwa pale leo zinaonyesha nyuso na mitaa ambayo isingeonekana tena popote. Alikuwa mpiga picha anayefanya kazi yake mjini kwake. Klabu yenu inaweza kuufanyia mji wenu jambo la namna hiyo.

Kila picha inayochaguliwa kikaoni iandikwe nani, wapi, lini, na kama ruhusa ilitolewa. Itunzwe nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Kisha, mara moja kwa msimu, waalikeni wazee walete albamu zao. Wekeni picha ya zamani mezani karibu na dirisha lenye mwanga mpole, simu juu yake sawasawa bila kuinama, bila flashi, na hakikisheni dirisha haling'ai juu ya karatasi. Picha isitoke mikononi mwa mwenyewe hata kwa usiku mmoja. Wakati mmoja ananakili, mwingine amrekodi mzee akitaja majina ya waliomo, maana majina ndiyo yanayopotea kwanza.

Hatua ya 9: Maonyesho

Subirini hadi muwe na picha 20 ambazo kikao kizima kinazisimamia. Tarehe 19 Agosti ni Siku ya Picha Duniani, kwa kumbukumbu ya siku ya mwaka 1839 ambapo Ufaransa iliutangazia ulimwengu namna ya upigaji picha ya mvumbuzi Mfaransa Louis Daguerre. Masika yameshapita, na tarehe hiyo inawapa sababu nzuri ya kumwalika mgeni. Ukumbi wa kifahari hauhitajiki. Chapeni A4, zitundikeni kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya mkonge, usawa wa macho, chini ya mti au kwenye veranda ya shule. Maelezo chini ya kila picha yawe mistari miwili kwa herufi kubwa. Watu wa kwanza kualikwa wawe wale waliomo kwenye picha, na wapewe nakala zao siku hiyo.

Picha ni mali ya aliyeipiga. Klabu inaomba idhini ya kuionyesha. Haiuzi, haimpi mfadhili, haiweki nembo yake juu bila maandishi ya mwenyewe. Mtu wa nje akitaka kununua, azungumze na mpiga picha, na klabu ichukue asilimia iliyokubaliwa kwenye katiba au isichukue kitu. Likiamuliwa kabla pesa haijaonekana, halitagombanisha mtu.

Idadi ikipungua

Itapungua. Mitihani, ajira mikoani, watoto wachanga. Mkifika wanne, msiahirishe kikao. Wanne wakileta picha tatu tatu ni picha 12, na zina mazungumzo ya saa nzima. Kila asiyeonekana mara mbili apigiwe simu na mtu mmoja, amjulie hali, asimuulize ada. Mwanachama mpya apangiwe mwenzake wa kukaa naye vikao viwili vya kwanza. Na katibu anayekaribia kumaliza muda wake amkabidhi anayekuja daftari la mahudhurio, daftari la vifaa, diski ya picha na namba ya mwenye studio inayowachapia, vyote mezani, mbele ya wanachama.